Tangi la Zéphyrin

Siku tangi la marehemu mume wake lilipopasuka, Mujinga hakupiga kelele wala hakukimbia. Alisimama pale pale, maji yakimlowesha viatu, mkono wake bado umeshika mpini wa pampu. Baadaye watu walibishana ni kwa muda gani alisimama vile. Wengine walisema dakika moja, wengine walisema alikaa mpaka maji yakakauka chini. Yeye mwenyewe hakujua. Anachokumbuka ni kwamba aliona midomo ya watu ikisogea lakini hakusikia neno hata moja.

Mujinga ana miaka hamsini na miwili. Kazi yake ni kuziba na kujaza matairi, na Wakongo wenzake humwita kwado, kama wanavyomwita kila fundi wa kazi hiyo. Kibanda chake cha mabati kiko kando ya lami, Nchelenge mjini, mahali ambapo malori ya samaki hupunguza mwendo kabla ya kushika njia ya Mansa. Wazambia humwita Bana Joëlle, yaani mama yake Joëlle, ingawa Joëlle mwenyewe ameolewa Lubumbashi na hajawahi kukikanyaga kibanda hicho.

Alivuka ziwa mwaka 2017 kwa boti kutoka Pweto, upande wa Kongo, pamoja na mume wake Zéphyrin, wakiwa na godoro moja na mfuko wa spana. Walilala Kenani, kambi ya wakimbizi, chini ya turubai miezi kadhaa, kisha wakapewa kiwanja cha kulima. Kulima hakukumkaa Zéphyrin. Alikuwa mchomeleaji, mtu wa moto na chuma, na mara alipopata kibali cha kufanya biashara mjini alianza kuokota vyuma. Kwenye jalala la ghala moja la samaki lililofungwa alikuta tangi la lita tisini. Akaliosha, akalichomelea miguu minne, akalifungia injini ya pampu ya maji na kichwa cha kompresa alichopata kwa kubadilishana na godoro lao. Walilala chini kwenye mkeka mwaka mzima, lakini walikuwa na kompresa.

Miaka mitatu iliyopita Zéphyrin aliugua mapafu akafariki. Mujinga alibaki na kibanda, spana na ile kompresa. Hakuna aliyedhani angeendelea. Aliendelea. Kila asubuhi aliiwasha, akaiacha ijae mpaka sindano ya geji, kipimo cha upepo, isome nane, akaizima, akaanza kazi. Kila jioni alifungua koki ndogo iliyokuwa ubavuni mwa tangi ili kutoa maji, kwa sababu upepo wa ziwani una unyevu mwingi na unyevu huo hugeuka maji ndani ya tangi. Zéphyrin alimfundisha hivyo, na hakuacha hata siku moja.

Pembeni ya kompresa, kwenye kivuli cha kibanda, alikaa Mpundu, mama mmoja kijana wa Kibemba aliyekuwa akiuza chisense, wale samaki wadogo waliokaushwa. Mpundu alikuwa na mtoto wa miezi saba. Tangi lilipashwa joto na kazi, kwa hiyo nguo za mtoto zikilowa alizitandika juu yake, zikakauka upesi hata siku za mawingu. Mara nyingi mtoto mwenyewe alilazwa kwenye beseni chini ya tangi, penye kivuli kizito zaidi. Mujinga ndiye aliyempa nafasi hiyo. Alisema mlio wa mashine humlaza mtoto kuliko wimbo.

Mwezi wa saba mwaka huu, Goodson Mwenya alikuja kibandani na habari ambayo Mujinga aliichukua kwanza kama mzaha. Goodson ana magari ya kukodi na lori moja la samaki, na ni mtu wa mambo makubwa. Alisema anaandaa mbio za magari. Kule upande wa Kafutuma greda la mkandarasi wa barabara lilikuwa limesawazisha eneo pana la udongo mwekundu, mkandarasi ameondoka, na eneo limebaki tupu. Goodson na wenzake wa Mansa na Kawambwa wangepambanisha Corolla za zamani humo, siku ya sikukuu ya wakulima, mizunguko arobaini. Kanuni waliyokubaliana ni kwamba kila gari lazima lisimame mara mbili na kubadilishwa matairi ya mbele, kwa sababu udongo ule una changarawe na ungeyala matairi vibaya. Mtu atakayebadilisha haraka ndiye atakayeshinda mbio, alisema Goodson, si dereva. Akamwomba Mujinga amchagulie kompresa na spana ya upepo, kisha asimame naye kando ya njia siku hiyo.

Mujinga alikubali. Hakuwa amewahi kuona mbio za magari, lakini nati ni nati.

Kompresa zililetwa na Kalumba, mfanyabiashara wa Kitwe anayezunguka na vifaa vilivyotumika. Alifika Jumatano na pikapu yake, akashusha mbele ya kibanda kompresa mbili na spana mbili za upepo, na watu wakajaa kutazama. Kompresa ya kwanza ilikuwa ya umeme, nzuri, nyepesi. Mujinga alimwambia Goodson alete jenereta yake, maana Kafutuma kwenye uwanja ule hakuna nguzo hata moja. Walipoiunganisha, jenereta ilikoroma, taa yake ikafifia, ikazima. Wakajaribu tena, ikazima tena. Kalumba alidai jenereta ni mbovu. Mujinga akaeleza kwamba jenereta ni nzima, ila mota ya umeme inapoanza kuzunguka hudai umeme mara kadhaa kuliko inapokuwa imeshashika mwendo, na jenereta ile haina nguvu ya kutoa kiasi hicho kwa mkupuo. Hiyo ikawekwa pembeni.

Ya pili ilikuwa ya petroli, tangi la lita mia na hamsini, imepakwa rangi ya bluu inayong'aa. Iliwaka kwa mvuto wa pili wa kamba.

Kisha spana. Goodson alikwisha kuipenda ile kubwa, ya malori, nzito kama mtoto wa miaka miwili. Aliibeba begani akapigwa picha.

"Mama Mujinga, hii njo yenyewe," alisema kwa Kiswahili alichojifunza kwa Wakongo. "Iko na nguvu."

Mujinga hakubishana. Alimwomba aegeshe Corolla yake moja, ajaribu mwenyewe. Spana kubwa ilifungua nati ya kwanza kwa kishindo, na ya pili, na ya tatu. Kwenye gurudumu la pili ilianza kuchoka. Ilikuwa inakunywa upepo kuliko kompresa ilivyoweza kuutengeneza, na sindano ya geji ikawa inashuka mbele ya macho yao. Nati ya tisa iligoma kabisa, na iliwabidi wasimame kungoja tangi lijae. Mujinga akafunga spana ndogo, ile ya nusu inchi, akaondoa paipu nyembamba akaweka nene, akafungua na kufunga magurudumu yote manne bila sindano kwenda chini ya sita. Akamwonyesha Goodson jambo jingine: nati za Corolla hazihitaji nguvu ya lori. Ukizikaza na ile kubwa, boliti inakatika.

Goodson alicheka, akasema basi ichukuliwe ndogo. Ingekuwa imeishia hapo. Lakini Mujinga alikuwa amepitisha ukucha chini ya tangi la bluu, karibu na mguu, akahisi mstari chini ya rangi.

Alimuuliza Kalumba mstari ule ni wa nini. Kalumba alisema ni mguu uliochomelewa upya, basi. Mujinga akamwambia mbele ya watu wote kwamba mtu hapaki rangi mpya kitu kilichochakaa ila awe na la kuficha. Alilisema kwa sauti ambayo hata sasa akiikumbuka anaona haya. Kalumba ni mtu mzima, ana mvi, na hakuzoea kuitwa mwongo barabarani. Aliuma midomo akauliza anataka nini.

"Tutalipima na maji," Mujinga alisema.

Njia hiyo aliijua tangu zamani. Alipokuwa msichana alipikia mafundi wa karakana moja ya mgodi upande wa Kongo, na aliwaona mara nyingi. Unajaza tangi maji mpaka juu, pasibaki upepo hata kidogo, kisha unasukuma kwa pampu ya mkono mpaka nguvu ndani ipite ile ya kazi kwa nusu yake. Upepo uliobanwa ni kama chui ndani ya gunia. Chuma kikifunguka, upepo wote hutoka kwa mara moja na kubeba vipande vya chuma mpaka kwenye miili ya watu. Maji hayabaniki. Tangi bovu likifunguka na maji ndani, linavuja tu, na nguvu inakwisha hapo hapo. Kwa hiyo tangi bovu hufia mikononi mwako bila kumuumiza mtu.

Alhamisi asubuhi walikutana tena. Pampu ya kupimia waliazima kwa Ngosa, fundi wa mabomba, ambaye alikuja nayo mwenyewe kwa kuwa hakumwamini mtu nayo. Walijaza tangi la bluu, ndoo kwa ndoo. Ngosa akaunganisha, Mujinga akasukuma. Nane. Kumi. Kumi na mbili. Akaacha. Walikaa nusu saa wakilitazama tangi kama watu wanaongoja mgonjwa aamke. Sindano haikusogea. Mujinga alipitisha kiganja kavu chini yake, mahali pa ule mstari, na kiganja kikabaki kikavu.

Kalumba hakushangilia. Alisema tu, kwa utulivu, neno ambalo lilikuwa haki yake kulisema.

"Na ya kwako, mama?"

Watu walicheka, na Mujinga naye alicheka. Alijua aibu yake ingepungua kidogo kama angelipima na lake, na hakuwa na wasiwasi nalo hata chembe. Lilikuwa kazi ya Zéphyrin. Alimwomba Mpundu aondoe nguo za mtoto zilizokuwa juu yake, na Mpundu akaondoa, akalivuta pia lile beseni, mtoto akiwa amelala ndani. Wakajaza ndoo nne na nusu. Ngosa akaunganisha. Mujinga akasukuma huku akiongea na Goodson juu ya matairi ya akiba.

Tano. Sita. Saba. Nane, pale alipokuwa akilifikisha kila asubuhi ya Mungu. Akasukuma mara moja zaidi, na sindano ikapita nane kidogo tu, upana wa unyasi.

Ulisikika mlio mdogo kama wa kijiti kikavu kinapovunjwa. Chini ya tangi ukafunguka mwanya wa urefu wa kiganja, na maji yakamwagika miguuni mwake. Sindano ikaanguka mpaka sifuri.

Hapo ndipo Mujinga alipokosa masikio.

Wengi waliokuwepo waliona maji tu. Mmoja alicheka, na Mpundu akaruka kwa kuchelea samaki wake wasilowe. Goodson alisema pole, tangi limezeeka. Ni Kalumba peke yake aliyeelewa upesi, maana anauza vitu hivyo. Alisogea, akachuchumaa, akatazama ule mwanya, akatazama geji, kisha akageuka akatazama chini kwenye udongo, mahali palipokuwa na alama ya mviringo iliyoachwa na beseni la mtoto. Alivua kofia yake. Alisimama akamwondolea Mujinga mpini wa pampu mkononi, kidole kimoja kimoja, kwa sababu haukutoka wenyewe.

Walimkalisha kwenye tairi. Ngosa alimletea maji ya kunywa, na Mujinga alipoyaona kwenye kikombe aligeuza uso. Mikono yake ilikuwa baridi, na mizito, kama ya mtu mwingine. Alikuwa akihesabu asubuhi. Miaka sita ya asubuhi, tangu Zéphyrin alipokuwa hai, na kila moja mpaka nane. Ni zipi kati ya hizo ambapo chuma kilibakiza unene wa ukucha? Jana? Jana aliegemeza mgongo wake hapo akila ugali. Jumatatu watoto wa shule walisimama hapo wakikwepa jua.

Mpundu alimwendea, akauliza kwa nini ameshtuka hivyo kwa sababu ya kutu. Mujinga alinyoosha kidole kwenye ile alama ya beseni.

"Mpundu, kama ingekuwa upepo ndani," alisema, "mutoto hangekuwa."

Mpundu alimwelewa taratibu. Kwanza alitabasamu, kama mtu anayengoja mwisho wa sentensi. Kisha akamchukua mtoto kutoka kwenye beseni, mtoto akaamka akalia, na Mpundu akatembea naye kuvuka barabara bila kutazama kushoto wala kulia. Lori lilifunga breki. Alisimama ng'ambo ya pili, akiwa amemkumbatia mtoto, na akabaki huko mpaka saa sita, samaki wake wakiwa wazi juani upande huu.

Mchana Mujinga aliomba msumeno wa chuma. Goodson alimsihi apumzike, lakini alitaka kuona. Alilikata tangi mwenyewe, akalipasua mbavu mbili kama samaki, akazilaza chini mwangani.

Sehemu ya juu ilikuwa nzima, unene wa kuridhisha. Chini, kuanzia mstari mmoja ulionyooka kama umepigwa rula, chuma kiligeuka mabamba ya kutu yaliyotoka kwa vidole. Katikati kabisa kilibaki chembamba kuliko kopo la nyanya. Mstari ule ulikuwa sawasawa na tundu la koki.

Ndipo alipopata mshtuko wa pili, na huo haukuwa na mlio. Koki ilikuwa ubavuni. Maji yaliyokuwa juu ya koki yalitoka kila jioni, kweli, na yeye aliyaona yakitoka akaridhika. Maji yaliyokuwa chini ya koki hayakutoka hata siku moja. Yalikaa humo miaka sita, yakila.

Na alikumbuka kwa nini koki iliwekwa ubavuni. Zéphyrin alikuwa amekwisha kutoboa chini, mahali pake panapostahili. Mujinga alijaribu kuifikia, ikambidi alale kifudifudi udongoni, na mgongo wake tangu Kenani haukuwa mzuri. Alilalamika. Zéphyrin akaziba tundu la chini, akahamisha koki juu kidogo, akamwambia sasa utafungua ukiwa umesimama, mke wangu, kama kufungua bomba la nyumbani. Alifurahi sana siku ile. Aliwaonyesha majirani.

Mujinga alikaa chini kati ya zile nusu mbili. Hakujua amkasirikie nani. Mtu aliyetaka kumpunguzia maumivu ya mgongo alikuwa amemtegea kifo, naye aliyelalamika ndiye aliyemwomba akitege, na hakuna kati yao aliyejua. Kalumba, aliyekuwa bado hajaondoka, alikuja akakaa kwenye tairi karibu naye. Mujinga alimwomba radhi kwa maneno ya jana. Alijibu kwamba yamekwisha. Kisha Mujinga akamweleza habari za koki, zote, ingawa hakuwa ndugu yake wala mtu wa kwao, na labda ni kwa sababu hiyo aliweza kumweleza.

"Alikuwa anakupenda," Kalumba alisema.

"Najua," alisema Mujinga. "Njo ile inaniumiza."

Alitaka kumwambia Goodson atafute mtu mwingine wa mbio. Alikwenda mpaka nyumbani kwake Ijumaa kwa nia hiyo. Goodson alimsikiliza, kisha akamuuliza ni nani mwingine atakayejua tangi la kusimama nalo na la kulikimbia. Mujinga alirudi kibandani akaanza kupanga spana.

Jumatatu ya sikukuu watu walijaa Kafutuma kwa baiskeli na kwa miguu, wengine walikuja kwa boti mapema kutoka Chisenga, na magari matano yalipangwa kwenye udongo mwekundu. Mujinga alifika kabla ya wote. Timu nyingine ziliweka kompresa zao pale pale kando ya njia, karibu na watu. Yeye aliagiza ile ya bluu ishushwe nyuma ya tuta la udongo lililoachwa na greda, hatua ishirini kutoka mahali gari lingesimama, na paipu nene ipitishwe juu ya tuta. Goodson alihofu upepo ungepoteza nguvu njiani. Mujinga alimwambia ndiyo maana ya paipu nene, na kwamba bila tuta hilo yeye hafanyi kazi. Alizungusha kamba pia, mtu asipite.

Hata hivyo Kalumba, aliyebaki ili kuiendesha kompresa siku hiyo, alipovuta kamba ya injini na mashine ikaanza kudunda, Mujinga alijikuta amerudi nyuma hatua tatu. Alijua tangi lile ni zima. Alilipima kwa mikono yake mwenyewe mpaka kumi na mbili. Mwili wake haukujali alichojua. Kila sindano ilipopanda, aliyemwambia habari alikuwa Kalumba, akipaza sauti kutoka nyuma ya tuta. Kwenye saba alijikuta ameinama, viganja juu ya masikio. Watu walidhani anasali.

Corolla nyeupe ya Goodson iliingia kwa mara ya kwanza kwenye mzunguko wa kumi na tano, vumbi limeifunika mpaka kioo. Jeki ikapanda. Mujinga alipiga magoti, akagusisha spana kwenye nati, na spana ikateleza ikakwaruza rimu. Akavuta pumzi. Akajiambia kwamba kilicho mkononi mwake ni spana tu, na tangi liko mbali, nyuma ya udongo. Nati ya kwanza ikatoka. Baada ya hapo mikono ilikumbuka kazi yake yenyewe. Gurudumu la kushoto, la kulia, kufunga, kisha akamalizia kila nati kwa spana ya msalaba, kwa mkono, ingawa Goodson alikuwa akipiga kelele kwamba muda unakwenda.

Timu ya Mansa ilikuwa na spana kubwa ya malori. Walimaliza kabla yake, na gari lao likatoka mbele. Liliporudi kwenye mzunguko wa thelathini, spana hiyo hiyo ilikata boliti mbili za gurudumu moja, na gari likabaki juu ya jeki mpaka mbio zikaisha. Corolla ya Goodson ilimaliza ya pili, nyuma ya gari la Kawambwa. Goodson alisherehekea kama aliyeshinda. Mujinga alikaa ndani ya pikapu ya Kalumba, milango imefungwa, mpaka injini ya kompresa ilipozimwa na upepo wote kutolewa.

Wiki iliyofuata alimtafuta Ngosa, akaomba tena ile pampu. Safari hii hakuitaka kwa ajili yake. Kati ya Nchelenge na bandari ya Kashikishi kuna mafundi wengi wa matairi, na karibu wote wana matangi yaliyookotwa na kuchomelewa, kama lile lake. Baadhi Zéphyrin ndiye aliyewachomelea. Hilo lilimnyima raha kabisa. Alibeba zile nusu mbili za tangi kwenye toroli, akaenda nazo kibanda kwa kibanda, akiwaonyesha kutu na kuwaeleza habari za koki, bila kuficha kwamba ilikuwa kazi ya mume wake. Kusema jina lake hivyo, barabarani, kulimchoma. Alilisema.

Wengine walimkubalia papo hapo. Wengine walimtilia shaka, wakidhani ametumwa na mwuza kompresa. Yeye na Ngosa walipima matangi saba wiki hiyo. Sita yalishika. La saba lilivuja kwenye kumi, nalo lilikuwa ndani ya kibanda chenye benchi la wateja. Mwenye tangi alikaa kwenye benchi hilo mchana kutwa, hakuhudumia mtu.

Chikondi, kijana wa bandarini ambaye ndiye mwenye wateja wengi kuliko wote, alimfukuza. Alisema tangi lake lilichomelewa na marehemu mwenyewe, na kama mjane anataka kumchafua mume wake, basi akafanye hivyo kwa wengine. Mujinga alisukuma toroli lake akaondoka. Hakulala vizuri siku kadhaa, na kila mlipuko wa tairi barabarani ulimfanya ageuze uso kuelekea bandari.

Siku ya kumi na moja Chikondi alikuja, tangi likiwa juu ya mkokoteni. Alikuwa amelisukuma mwenyewe kutoka Kashikishi, shati limelowa jasho. Hakusalimia. Alisema tu kwamba mke wake amekataa kumletea chakula kazini mpaka lipimwe, kisha akasimama mbali, nyuma ya kibanda, mikono kifuani.

"Jaza maji," alisema.

Mujinga alijaza, akaunganisha pampu ambayo Ngosa sasa alimwachia. Aliinama kwanza kutazama koki, akaiona iko ubavuni. Alisukuma polepole kuliko alivyowahi kusukuma. Nane. Tisa. Alisimama, akapumua, akaendelea. Kumi. Kumi na mbili. Walikaa nusu saa nzima, yeye na Chikondi, wakiitazama geji. Sindano haikusogea.

Chikondi alipoona nusu saa imekwisha, alikaa chini kwenye udongo, uso mikononi. Mujinga alitoa maji yote, akaligeuza tangi chini juu, akachukua kekee ya Ngosa, na akaanza kulitoboa tundu jipya la koki mahali pa chini kabisa.